Mbuzi wangu anakaribia kuzaa: niingize mkono lini?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mama wa Kibosho, nafuga mbuzi jike mmoja wa maziwa, chotara wa Toggenburg. Mwaka jana alizaa mapacha usiku, tukawapoteza wote wawili. Wa kwanza alitokeza mguu mmoja jioni, tukasubiri mpaka saa tano usiku, jirani akamvuta, akatoka amekufa. Wa pili alitoka mzima. Tulikamua yale maziwa mazito ya njano tukayamwaga kama tulivyozoea, tukamnyonyesha kesho yake. Siku ya tatu akaharisha, akafa. Sasa jike ana mimba tena, alipandwa tarehe 5 Februari. Bwana mifugo wetu anahudumia vijiji vingi, usiku hafiki haraka. Jirani anasema ninunue sindano ya uchungu niiweke akiba nyumbani. Nitajuaje amekwama? Niingize mkono lini, na nimshike vipi? Anayemhudumia siku hizi ni mkamwana wangu, naye ni mjamzito.

JIBU: Marahaba mama, na pole kwa wale wawili. Umeuliza kuhusu yule wa kwanza, na nitakujibu kwa urefu. Lakini yule wa pili ndiye aliyenifanya nikae chini kuandika, maana wewe unadhani aliuawa na kuhara. Mimi nadhani alikufa kwa kukosa kitu mlichokimwaga wenyewe. Tutafika huko.

Nianze na tarehe, kwa sababu umefanya jambo ambalo wafugaji wengi hawalifanyi: umeshika siku ya kupandwa. Mbuzi hubeba mimba siku 150 hivi, na akiwahi au akichelewa siku tano si ajabu. Kwa hesabu hiyo siku yake ni 5 Julai. Uwe macho kuanzia 30 Juni mpaka tarehe 10. Kibosho ya mwezi huo unaijua kuliko mimi: ukungu haupandi mpaka saa nne asubuhi, na banda lina baridi ya kisima. Mtoto anatoka kwenye joto la nyuzi 39 tumboni mwa mama yake, amelowa chapachapa, anaangukia hapo.

Basi mahali pa kuzalia patengenezwe mapema. Kama banda lako ni la kuinuliwa, lenye sakafu ya mbao zilizoachana ili kinyesi kidondoke, usimwache azalie juu ya mbao tupu. Miguu ya watoto ni myembamba, inazama kwenye nafasi hizo na kuvunjika, na upepo wa chini unapita moja kwa moja. Tandika magunia, juu yake majani makavu ya migomba, mengi. Kihambani hayakosekani. Kwenye kikapu kimoja weka sabuni ya mche, chupa ndogo ya mafuta ya alizeti ambayo hayajapikiwa, glavu, taulo kuukuu zilizofuliwa, wembe mpya, kamba mbili laini za pamba zilizochemshwa, aidini ya kuchovyea kitovu, na tochi yenye betri nzima. Na saa. Simu inatosha kwa saa, lakini uwe na kalamu na karatasi pia, maana saa nane za usiku mtu husahau uchungu ulianza lini, na anayesahau siku zote anajipunguzia muda.

Na chakula: sehemu kubwa ya ukuaji wa watoto tumboni hutokea katika wiki sita za mwisho. Jike akiwa na mapacha, tumbo linabanwa na watoto, nafasi ya majani inapungua, wakati huohuo mahitaji yanapanda. Usimkamue katika miezi miwili ya mwisho. Ongeza pumba za mahindi na mashudu ya alizeti kidogo kidogo, wiki kwa wiki, pamoja na majani mazuri kama lukina au kaliandra. Kidogo kidogo, mama. Mbuzi aliyenona kupita kiasi naye huugua. Ukimwona wiki za mwisho anakataa pumba, anajitenga, anasinzia, anayumba, na pumzi yake ina harufu ya tamutamu isiyo ya kawaida, huyo anaishiwa nguvu mwilini na mafuta yanayeyushwa vibaya. Mpe molasi iliyozimuliwa kwa maji ya vuguvugu (ile shira nyeusi ya kiwanda cha sukari cha TPC huuzwa hata kwa lita) na umwite bwana mifugo siku hiyohiyo, usingoje kesho.

Sasa dalili. Kiwele hujaa siku kadhaa kabla, kwa wengine wiki mbili kabla, kwa hiyo kiwele peke yake hakikupi siku. Angalia zaidi mgongo wa nyuma, pande mbili za shina la mkia. Kuna kano mbili pale, ngumu kama penseli. Zipapase kila jioni kuanzia sasa ili vidole vizizoee. Siku utakapopapasa usizipate, shina la mkia likawa laini kiasi kwamba vidole karibu vikutane, mara nyingi atazaa ndani ya saa 24. Chuchu zinang'aa, ute mrefu unaning'inia, anajitenga, anaparua majani kwa mguu wa mbele, analala, anainuka, anageuka kuangalia ubavu wake kana kwamba kuna mtu amemwita kutoka nyuma.

Hapo mlango wa kizazi unafunguka. Kazi hii inaweza kuchukua saa mbili, inaweza kuchukua saa kumi na mbili, hasa kwa anayezaa mara ya kwanza. Wewe huna kazi. Kaa pembeni, zuia mbwa na watoto wa shule wanaokuja kuchungulia, andika saa. Nimeona mbuzi wengi walioharibiwa na huruma katika kipindi hiki: mtu anaingiza mkono kila nusu saa kuangalia kama tayari, anapeleka uchafu ndani, anavimbisha njia, halafu mtoto anapofika anakuta mlango umebana.

Saa inaanza kuhesabu kweli pale anapoanza kusukuma kwa nguvu. Utalitambua hilo: analala ubavu, miguu inanyooka, analia kwa sauti ambayo hajawahi kuitoa, tumbo zima linabana. Chupa ya maji hutokeza, kama puto, au hupasukia ndani. Kuanzia hapo mtoto wa kwanza huja ndani ya nusu saa hivi. Nusu saa ya kusukuma kwa nguvu ikipita bila kuona kitu, au umeona kitu kisichosogea, nawa mikono uchunguze. Saa nzima ikipita, hata kama unaona aibu kumwamsha mtu, piga simu. Baada ya wa kwanza, wa pili kwa kawaida hufuata ndani ya nusu saa. Akianza kusukuma tena kwa nguvu, hesabu upya.

Kuna hali ambazo hazisubiri hiyo nusu saa. Mguu mmoja peke yake, kama wa mwaka jana. Kichwa kimetoka bila miguu na ulimi umevimba. Mkia tu. Ute mzito wa kahawia au unaonuka. Damu mbichi inayotiririka, si ile ya kuchanganyika na ute. Ukiona mojawapo, simu kwanza, mikono baadaye.

Jinsi mtoto anavyopaswa kuja ni kama mtu anayepiga mbizi: kwato mbili za mbele, na pua imelala juu ya magoti. Nyayo za kwato zinaangalia chini. Ukiona kwato mbili na nyayo zinaangalia juu, huenda anakuja kinyumenyume, miguu ya nyuma kwanza. Kwa mbuzi hilo nalo ni njia halali, na wengi huzaliwa hivyo salama, ila nyonga zake zikishatokeza usilegee: kitovu kimeshabanwa na kichwa bado kiko ndani ya maji, akivuta pumzi anakunywa. Hapo msaidie atoke upesi.

Lakini nyayo zinaweza kukudanganya, maana mtoto wa mbele aliyepinduka mgongo chini naye ataonyesha nyayo juu. Kipimo cha uhakika ni viungo. Panda na vidole kutoka kwato kwenda juu. Kwenye mguu wa mbele, kiungo cha kwanza na cha pili vinakunjika upande mmoja. Kwenye mguu wa nyuma, cha pili kinakunjika kinyume na cha kwanza, na kina ncha kama kisigino. Usingoje usiku wa Julai kujifunza hili. Kesho mchana shika miguu ya mbuzi wako mwenyewe, funga macho, papasa. Rudia mpaka vidole vikujibu bila macho, kwa sababu ndani ya kizazi hakuna tochi.

Haya, mkono. Kata kucha, vua pete na bangili. Nawa mpaka viwiko kwa sabuni na maji ya vuguvugu, safisha na sehemu ya nyuma ya mbuzi kwa sabuni hiyohiyo. Sabuni ya unga usiitumie, inachoma. Vaa glavu, paka mafuta ya alizeti kwa wingi. Ukidhani yametosha, ongeza. Kusanya vidole vitano kama unavyovikusanya kuchukua tonge, ingia taratibu wakati hasukumi. Akisukuma, tulia, usishindane naye. Kuhusu mkono, una bahati: wako ni mdogo. Mimi nimefanya kazi hii zaidi ya miaka thelathini na nimewahi kumwomba binti wa darasa la saba aingize mkono wake nami nikiwa namwelekeza kwa maneno, kwa sababu wangu haukupita. Alifanya vizuri kuliko wanafunzi wangu wengi.

Kitu cha kwanza kukigusa ni mlango wenyewe. Ukikuta uwazi mpana ambao mkono unapita, vema. Ukikuta pete ngumu inayoruhusu kidole kimoja au viwili tu, na jike amesukuma muda wote huo, toa mkono. Hiyo haifunguliwi kwa nguvu, itachanika. Huyo anahitaji daktari, na pengine upasuaji, ambao hufanyika hapohapo bandani kwa sindano ya ganzi.

Kama mlango uko wazi, tafuta kichwa, kisha fuata shingo mpaka bega, kutoka bega shuka mguu wa kushoto, rudi, shuka wa kulia. Hakikisha miguu unayotaka kuvuta ni ya kichwa hicho. Hili nalisema kwa deni. Mwaka wangu wa kwanza kazini, kijiji kimoja upande wa Meru, nilikuta kwato mbili zimetokeza vizuri kabisa, nikafunga kamba, nikavuta. Haikuja. Mwenye mbuzi akanisaidia, tukavuta wawili. Miguu ile ilikuwa ya mapacha wawili, kila mmoja ametoa mmoja, na sisi tulikuwa tunawafunga mlangoni kama watu wawili wanaopigania kutoka basi moja. Kizazi kilipasuka, jike akafa alfajiri. Mzee mwenye mbuzi hakunigombeza. Alinikaribisha chai. Afadhali angenigombeza.

Ukikuta pacha wamepishana hivyo, mmoja rudishwe nyuma taratibu, yule aliye karibu zaidi aje kwanza.

Ukikuta kichwa na mguu mmoja, mguu wa pili umekunjika nyuma, hilo ndilo lililowapata mwaka jana. Wakati mwingine mtoto mdogo wa jike mwenye njia pana hupita hivyohivyo. Wako hakupita, na kuvuta ule mguu mmoja kulizidi kumkaza bega kwenye mfupa wa nyonga. Dawa yake ni kinyume na inavyoonekana: unasukuma ndani kwanza. Wakati hasukumi, mrudishe mtoto nyuma kwa kiganja mpaka upate nafasi, fuata bega lililokosa mguu, shuka mpaka goti, kisha ukamate kwato. Ifunike ile kwato ndani ya kiganja chako kama unavyofunika yai, halafu ndipo uilete mbele. Ukiileta wazi, ncha yake inakwaruza na kutoboa kizazi.

Kichwa kilichogeukia ubavuni ni kigumu zaidi. Miguu miwili ipo, pua haipo. Watu wengi wanafikiri kichwa kitafuata wakivuta miguu. Hakifuati, kinazidi kukunjika. Funga kamba kila mguu juu ya kifundo ili usiupoteze, rudisha kifua ndani, tafuta pua na uigeuze kwa kushika mdomo wote kwa pamoja. Usining'inie kwenye taya la chini, linavunjika upesi. Na mkia tu, miguu yote ya nyuma imekunjiwa mbele: sukuma matako ndani na juu, kunja mguu mmoja mmoja, funika kwato, lete nje, halafu mtoe kinyumenyume kama nilivyosema.

Kuvuta kwenyewe: mtu mmoja, mikono miwili, akisukuma unavuta, akipumzika unapumzika. Uelekeo ni nyuma na chini, kuelekea visigino vya mama, si kwako kifuani. Na ukihangaika kwa dakika kumi na tano au ishirini bila mabadiliko, acha. Si kushindwa. Kadiri unavyorudia ndivyo kizazi kinavyokauka na kuvimba, na daktari atakayekuja anakuta kazi iliyoharibika. Yeyote aliyeingizwa mkono, hata kama amezaa salama, aonwe na bwana mifugo kesho yake kwa ajili ya dawa ya kuzuia maambukizi. Usijinunulie dawa hiyo mwenyewe. Uliza pia ni siku ngapi maziwa hayanyweki.

Ile sindano ya jirani. Najua inauzwa, na najua inavyosifiwa. Kazi yake ni kubana kizazi. Sasa fikiria mtoto ambaye kichwa kimegeuka, au mlango haujafunguka, halafu kizazi kinabanwa kwa nguvu za dawa: hakuna pa kwenda, kinachobaki ni kupasuka au mtoto kukosa hewa. Sindano hiyo ina nafasi yake, mtoto akiwa amekaa sawa na mlango ukiwa wazi, mikononi mwa mtu aliyekwisha kuchunguza. Ndani ya kabati lako haina nafasi. Hapo sitakubembeleza.

Tuje sasa kwa aliyetoka mzima. Futa pua na mdomo kwa kitambaa, msugue mbavu kwa nguvu kidogo, kama hapumui ingiza ncha ya jani kavu puani apige chafya. Halafu mweke puani kwa mama yake amlambe, kulamba kule ndiko kunakowafunga. Kitovu kiache kikatike chenyewe. Kikiwa kirefu, kata kwa wembe mpya vidole vitatu kutoka tumboni, na kikivuja damu funga kwa uzi uliochemshwa. Kichovye chote ndani ya aidini, usikipake juujuu. Wengi wanaovimba magoti wakiwa na wiki mbili waliambukizwa kupitia hapa.

Na maziwa ya njano. Mama, hayo ndiyo dang'a, na hayana uchafu wowote. Binadamu hupokea sehemu ya kinga ya mama yake akiwa tumboni. Mtoto wa mbuzi hapokei. Anazaliwa mtupu, na kinga yake yote ya mwanzo iko ndani ya maziwa yale. Utumbo wake unaruhusu kinga hiyo kupita kuingia kwenye damu kwa saa chache tu. Baada ya saa 12 mlango umeshapungua sana, baada ya siku moja umefungwa. Mliponyonyesha kesho yake, tumbo lilipata chakula lakini damu haikupata askari. Kuhara kwa siku ya tatu kulikuta nyumba haina mlinzi. Sikulaumu: kule Machame, Old Moshi, hata Arumeru nimekuta desturi hiyohiyo, na waliokuambia uyamwage walidhani yanaharisha. Wewe mwenyewe ulipojifungua hukuambiwa ungoje mtori wa kesho.

Anyonye ndani ya saa ya kwanza. Kabla hajanyonya, kamua kila chuchu mara mbili tatu, maana huziba kwa kitu kama nta. Mtoto wa kilo 2.5 anahitaji robo lita ya dang'a katika siku yake ya kwanza, nusu yake ndani ya saa sita. Asiyeweza kusimama, mkamulie, mpe kwa chupa yenye chuchu, kidogo kidogo. Kama jike hana maziwa, tafuta kwa mbuzi mwingine aliyezaa leo, au hata ng'ombe aliyezaa leo.

Isipokuwa kwa hali moja. Ingiza kidole mdomoni mwa mtoto. Kikihisi baridi, usimpe maziwa kwanza, hataweza kuyasaga na anaweza kupaliwa. Mkaushe, mweke ndani ya koti lako kifuani, zungushia chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa kitambaa mpaka mdomo upate joto. Usimfungie chumbani na jiko la mkaa, mtalala wote msiamke.

Kabla hujaenda kulala wewe, hakikisha hakuna mwingine ndani. Simama nyuma ya jike, pitisha mikono chini ya tumbo mbele ya kiwele, inua na uachie. Kigumu kinachogonga kiganja ni mtoto. Kisha mpe mama maji ya vuguvugu yenye molasi, ndoo nzima kama anataka, na majani.

Zalio hutoka ndani ya saa chache, mara nyingi kabla ya saa 12. Linaponing'inia usilivute, na ile tabia ya kufungia jiwe au kiatu kikuukuu ili kulipa uzito iachwe, inang'oa kisichotaka kung'oka. Saa 24 zikipita bado lipo, au likianza kunuka na jike ana homa, ita bwana mifugo. Uchafu mwekundu wa kahawia utaendelea kutoka kwa wiki mbili hata tatu. Usiponuka, ni kawaida. Zalio lichimbiwe chini sana mahali mbwa hawafukui.

Na hapa namgeukia mkamwana wako. Asiwepo. Asisaidie kuzalisha, asifagie banda baada ya hapo, asiguse zalio wala nguo zilizolowa, mpaka ajifungue. Brusela, homa ya Q na magonjwa mengine ya mbuzi hukaa katika maji ya uzazi na zalio, na baadhi yake huharibu mimba ya binadamu. Nawe vaa glavu, funika mdomo na pua, kidonda mkononi kifunikwe, na maziwa mnayokunywa yachemshwe yote. Hili si la kuogopeshana. Wagonjwa wa homa waliolazwa hospitali za KCMC na Mawenzi, pale Moshi, walipochunguzwa kwa utafiti mwaka 2007 na 2008, wengi waliodhaniwa wana malaria hawakuwa nayo, na miongoni mwa yaliyokutwa ni hayohayo, brusela na homa ya Q. Mtu akiugua homa isiyoisha ndani ya wiki chache baada ya kuzalisha mbuzi, amwambie daktari wa binadamu kwamba alizalisha mbuzi. Hawaulizi, inabidi useme. Na mbuzi akitupa mimba badala ya kuzaa, usifukie kimyakimya. Toa taarifa ili sampuli ipelekwe kwenye maabara ya mifugo Arusha.

Umesahau kuniambia beberu alikuwa wa aina gani. Kama ni Boer mkubwa na jike wako ni mfupi wa nyonga, mwongeze uangalifu, maana mtoto mkubwa kwenye njia nyembamba hatolewi kwa mafuta ya alizeti. Safari ijayo chagua beberu wa kimo chake.

Mwisho, bwana mifugo wako. Mfuate wiki hii, usingoje Juni, umwambie tarehe yako, na umwulize usiku atapatikanaje na ni nani aliye karibu akiwa mbali. Tafuta namba ya bodaboda anayekubali kupanda huko kwenu kukiwa na tope. Na usiku huo ukipiga simu, usiseme tu mbuzi ameshindwa. Mwambie alianza kusukuma saa ngapi, chupa ilipasuka saa ngapi, nini kimetokeza, ulipoingiza mkono uligusa nini: pete ngumu, mkia, miguu bila kichwa, au kichwa bila miguu. Kwa maneno hayo manne atajua abebe kamba au abebe vifaa vya kupasulia, na hatalazimika kurudi njia nzima kuvichukua.